Foleni ya Vienna

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha mpakani, ndani ya gari dogo la mume wangu, Trabanti, jasho likinitiririka na baridi yote ile ya Aprili. Walioanza kunisoma leo nawapa kwa ufupi, maana siku yenyewe ninayoisimulia haikunipa hata nafasi ya kupumua.

Jina langu Ibolya. Mwaka 1971 dada yangu Etelka alitorokea Magharibi na mchumba wake. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, nasomea Kijerumani. Wakaniita ofisini, wakaniwekea karatasi mezani. Saini kwamba dada yako ni adui wa taifa na alikuwa akipanga haya muda mrefu, au kafungashe virago urudi kijijini.

Nikasaini. Ilikuwa uongo mtupu, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwa karatasi ile Etelka alihukumiwa kifungo akiwa hayupo, na mama yetu alipofariki hakuweza kurudi kumzika.

Sikumwambia mtu. Hata Dezső, mume wangu wa ndoa, hakujua.

Miaka kumi na minane baadaye mipaka ikalegezwa, na barua ikanifikia kutoka Vienna. "Nahamia Australia, sirudi tena. Jumanne ya sikukuu yenu ya Aprili nitakusubiri kwenye mlango mkubwa wa kanisa la Mtakatifu Stefano, mpaka kengele ya saa sita mchana itakapokoma. Usipokuja, nitajua la kujua."

Barua niliificha kwenye kopo la mbegu za mpopi, zile nyeusi tunazookea mikate. Ikapotea siku mbili, kisha nikaikuta imerudi kopo lilelile. Sikuthubutu kumuuliza mtu.

Nilitaka jambo moja tu. Nisimame mbele ya Etelka nimwambie kwa kinywa changu: ni mimi.

Dezső naye alitaka jambo moja tu. Friza.

"Lita mia tatu," aliimba njia nzima. "Nguruwe wawili wa Desemba, wanaingia wote mpaka masikio!"

Nusu ya Hungaria ilikuwa njiani asubuhi hiyo kwenda kununua friza. Mpakani tulikaa kwa saa tatu nzima. Askari akatuletea fomu, mimi nikajaza yangu, Dezső yake, na mama yake, Mama Roza, akachora msalaba pale pa kusaini, kama alivyofanya maisha yake yote. Miaka sabini na miwili, amelelewa zizini kwa tajiri, shule aliiona kwa mbali.

"Tukifika tuanze kutalii," nikasema. "Kanisa la Mtakatifu Stefano linasifiwa sana."

"Kanisa halikimbii," akajibu Dezső. "Friza zinakimbia."

"Dakika kumi tu, Dezső."

"Ibi, umelitaja hilo kanisa mara tatu tangu tunywe chai. Una nini?"

Nikageuza uso dirishani. Mama Roza, kiti cha nyuma, akaendelea kutafuna mkate wake wa mafuta ya nguruwe na kitunguu kama hakusikia.

Tuliingia Vienna saa nne kasoro. Barabara ya Mariahilfer ilikuwa imejaa watu wetu. Kila mlango kibandiko: Tunaongea Kihungaria. Kila paa la gari limebeba sanduku jeupe. Duka la kwanza, friza zimekwisha. La pili, zimekwisha. La tatu walituuzia tabasamu.

Dezső alianza kubadilika rangi. Ndipo akafunga breki katikati ya barabara, magari yakatupigia honi.

"Foleni!"

Kweli, ilikuwa foleni. Watu mia mbili na zaidi, wametulia, wamezunguka kona, wote wa kwetu. Nilizijua kofia, nilizijua nyuso.

"Shuka!" akanisukuma. "Shika nafasi! Mama, shuka naye. Mimi naegesha gari."

"Wanauza nini?"

"Shika nafasi kwanza, utauliza baadaye!"

Msinicheke. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Ukiona foleni unaingia, kwa sababu watu hawasimami bure. Inaweza kuwa machungwa, inaweza kuwa viatu, na ukianza kuuliza wenzako watatu wameshaingia mbele yako. Nikasimama nyuma ya mama mmoja mnene mwenye kofia ya manyoya.

"Samahani, mama, wanauza nini hapa?"

"Sijui, mwanangu. Lakini nasikia zimebaki chache."

Saa nne na nusu. Foleni haikusogea. Saa tano. Haikusogea. Nilikuwa nasimama mguu huu, nahamia ule, natazama saa, nageuka, natazama tena. Mkobani nilikuwa na mkate mtamu wa mbegu za mpopi niliomwokea Etelka, kama mama alivyokuwa akiuoka. Fedha za kigeni za sisi watatu zilikuwa zimeshonwa ndani ya sidiria yangu, na kila nilipovuta pumzi zilinikwaruza.

"Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia," akasema Mama Roza.

"Nataka kujua tunasubiri nini."

"Basi nenda mbele ukaangalie. Nafasi naishika mimi."

Nikaenda. Nikapita kona, nikapita watu wakinisonya na kunikata jicho, "Wee dada, mwisho uko kule!" Nikafika mbele. Kulikuwa na mlango wa chuma umefungwa, na kikaratasi kimebandikwa. Kimeandikwa kwa Kijerumani.

Kijerumani changu nilikilipia kwa dada yangu, kwa hiyo nakijua vizuri.

Kilisema: Duka la vifungo na nyuzi limefungwa tangu Januari. Tunawashukuru wateja wetu kwa miaka arobaini.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikamgeukia mzee aliyekuwa wa kwanza, chupa ya chai kwapani.

"Baba, wewe ulifika saa ngapi?"

"Kumi na moja alfajiri," akasema kwa fahari. "Nilimkuta bwana mmoja amesimama hapa. Nikasimama nyuma yake."

"Yuko wapi huyo bwana?"

"Alikuwa na mbwa. Mbwa alipomaliza haja yake, wakaondoka."

Kama si roho yangu kuwa juujuu, ningekaa chini nicheke mpaka nilie. Badala yake nikapaza sauti:

"Ndugu zangu! Hapa hakuna kitu! Duka limefungwa tangu Januari, na lilikuwa la vifungo!"

Mama mmoja akaweka mikono kiunoni.

"Mjanja huyo! Anataka tutawanyike abaki yeye!"

"Nimesoma Kijerumani chuoni!"

"Na mimi nimesoma watu! Rudi nyuma!"

Hakuondoka hata mmoja. Waliposikia kuna mtu anataka waondoke, walizidi kusogeleana. Niliporudi nyuma nikakuta foleni imeongezeka watu thelathini, na Dezső amerejea, kamba ya kufungia friza ameivaa begani.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ibi. Watu mia mbili hawawezi kuwa wajinga kwa wakati mmoja."

"Wanaweza! Wamewahi! Wewe mwenyewe unajua!"

"Punguza sauti. Tunasubiri."

Saa tano na dakika ishirini. Niliona kabisa namna nitakavyompoteza Etelka mara ya pili, safari hii kwa ajili ya vifungo.

"Mama anataka choo," nikasema.

Mama Roza hakuwa anataka choo. Mwanamke huyu anaweza kukaa misa mbili na mazishi bila kuinuka. Nilimtazama kwa macho ya kuomba, nikiwa sina hakika ataniumbua au vipi.

Akashika tumbo. "Sana," akasema. "Tangu mpakani."

"Mama, sasa hivi?" Dezső akalalamika. "Haya, nendeni. Mrudi upesi!"

Tukakata kona. Nikataka kumwacha kwenye benchi la kwanza, nikimbie peke yangu.

"Mama, pumzika hapa, mimi..."

"Nitakwenda nawe kanisani."

Nikaganda.

"Si kanisani unakokwenda?" akasema. "Twende. Muda unakwisha, na miguu yangu unaijua."

Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka soksi zimeandika mistari. Nilimshika mkono tukaenda hatua za bibi harusi, mimi nikimvuta, yeye akitazama huku na huku. Hiyo ndiyo ziara yangu ya Vienna, msomaji. Kila kitu nilikiona ubavuni mwa Mama Roza, na macho yangu yalikuwa kwenye saa.

Bustani ya makumbusho. "Yule mama wa shaba aliyekaa pale juu ni nani?"

"Malkia Maria Teresa. Twende, Mama."

"Amekaa raha. Yeye miguu haimvimbi."

Kasri la kifalme. Magari ya farasi yamepangana, mavi yanafuka moshi. "Hata mavi ya farasi wao yana adabu. Tazama, wameyawekea mfuko."

"Mama, tafadhali."

"Unakwenda kumwambia kuhusu karatasi," akasema, kwa sauti ileile aliyowasemea farasi.

Nilisimama katikati ya njia, mtalii mmoja akanigonga na kamera yake.

"Karatasi gani?"

"Usinifanye mtoto. Nilikuwemo."

"Ulikuwemo wapi?"

"Ofisini, chuoni kwenu. Nilikuwa nafanya usafi pale, kabla hujamjua Dezső. Nilikuwa nimepiga magoti napiga deki, ndoo yangu iko karibu na mlango. Wewe uliingia na koti la buluu. Ulilia, ukasaini, ukajifuta mikono kwenye koti. Ukaniruka ulipokuwa unatoka. Watu hawamwoni anayepiga deki."

Miaka kumi na minne nimeishi nyumba moja na mwanamke huyu. Ameninyoshea kidole kwa supu yangu, kwa pazia zangu, kwa namna ninavyomkunjia mwanaye mashati. Kwa hili hakuwahi kunigusa.

"Na ukamwacha mwanao anioe?"

"Ulikuwa na miaka ishirini. Nani hakuogopa?" Akaanza tena kutembea. "Sikiliza, Ibolya. Usimwambie. Mpe mkate wake, mlie, aende zake. Ukweli huo utakupa raha wewe, yeye utampa nini?"

"Nitasema, Mama. Nisiposema leo nitakufa nao."

"Kichwa kigumu." Akahema. "Basi niahidi kitu kimoja. Mwache aanze yeye."

Nikaahidi. Sikuona ubaya wa ahadi hiyo.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umefurika watu wa kwetu, kila mmoja anataka kupigwa picha na mnara. Mtu mmoja alikuwa amelaza sanduku la friza kwenye ngazi, mkewe amelikalia, wanakula mayai ya kuchemsha. Nilipenya, nikapenya, nikitafuta nywele nyeusi za Etelka.

Sikuziona. Kengele ya saa sita ikalia pigo la kwanza.

"Etelka!" nikapiga kelele bila haya. "Etelka!"

Mwanamke mwenye koti la kijani akageuka mlangoni. Nywele zake zilikuwa nyeupe, zote. Aliondoka akiwa na miaka ishirini na sita na sasa alikuwa na uso wa mama yetu.

Sikumbuki nani alimkumbatia nani. Nakumbuka harufu ya sabuni ngeni, na mkate wa mpopi ukivunjika katikati yetu. Kengele zilikuwa zinanguruma juu ya vichwa vyetu.

"Dada," nikasema. "Dada, nina jambo."

"Ngoja. Nianze mimi."

Akanishika mashavu.

"Nakuomba msamaha, Ibolya. Miaka yote hii niliamini ni wewe. Wakili aliniandikia kwamba kuna mwanamke wa pale chuoni kwenu alisaini, nami nikasema moyoni, nani mwingine? Nilikuchukia. Mama alipokufa nilikuchukia zaidi. Ile barua yangu nilikuita hapa ili nikutukane usoni kisha nipande ndege."

"Etelka..."

"Halafu mwezi uliopita nikapata barua. Imepigwa taipu. Mama mkwe wako amekiri kila kitu. Ni yeye alisaini, alikuwa akifanya usafi pale chuoni, walimtisha. Amesema wewe hujui lolote."

Siku mbili. Siku mbili zile barua ilipopotea koponi. Kasisi wetu ana mashine ya taipu, na Mama Roza humwoshea makanzu kila Ijumaa.

Nikageuka. Alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yetu, kitambaa kichwani, mkoba ameukumbatia kifuani. Akanitikisia kichwa kidogo sana. Nyamaza, kilisema kichwa kile.

"Ni kweli, Ibolya?" akauliza dada yangu. "Niambie tu ni kweli, niondoke na moyo mweupe."

Nimewaahidi tangu sehemu ya kwanza kwamba sitawaficha kitu. Kwa hiyo someni.

Nilikuwa nimesafiri njia nzima nikilifanyia mazoezi neno moja. Nilikuwa nimemvuta kizee mwenye miguu mibovu nikivuka nusu ya Vienna ili nilitamke. Dada yangu alikuwa ananitazama kwa mapenzi niliyoyakosa miaka kumi na minane, na nilijua yatazimika nikifungua mdomo.

"Ni kweli," nikasema.

Etelka akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa ananitazama tena. Alinipita, akamfikia Mama Roza, na kabla sijajua anakusudia nini akamzaba kibao. Kitambaa kikamvuka kikongwe kikaanguka kwenye mawe.

"Hicho ni cha mama yangu," akasema Etelka. "Aliyezikwa sipo."

Mama Roza hata mkono hakuinua.

"Ibi! Ibi!"

Dezső. Alikuwa anakuja mbio akipangua watu, kamba inamning'inia, uso umewiva.

"Nimepata friza! Ya mwisho, lita mia tatu, jamaa ananishikia! Fedha, Ibi! Fedha unazo wewe! Nilijua tu nitakukuta kwenye hili kanisa lako..."

Akamwona mama yake hana kitambaa, shavu limevimba. Friza ikamtoka kichwani.

"Nani kampiga mama yangu?"

"Mimi," akasema Etelka. "Dada ya mkeo. Muulize mama yako alisaini nini mwaka sabini na moja. Muulize kwa nini sikumzika wangu."

"Alisaini?" Dezső akamtazama kama mtu anayemtazama mlevi. "Mama yangu?"

"Dezső," akasema Mama Roza kwa haraka. "Funga mdomo, mwanangu. Twende tukachukue friza."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo nzima kumsikia mtu akimtajia Dezső friza naye asisikie.

"Dada yangu, umempiga mtu asiyehusika," akasema mume wangu, mkweli wa kuzaliwa, asiyejua anachokifanya. "Mama asaini wapi? Mama hajui kuandika hata jina lake! Anachora msalaba tu. Leo mpakani kachora msalaba. Muulize Ibi, ndiye anayemsomea hata chupa ya dawa."

Kengele ilikuwa imekoma. Sikuona ilikoma lini.

Etelka akainama, akaokota kitambaa, akakipangusa, akamrudishia Mama Roza kichwani kwa mikono yake miwili, polepole, akamfunga fundo chini ya kidevu. Kisha akanigeukia mimi.

"Ibolya," akasema. "Nipe mkono wako. Huo unaoandikia."

Nikauficha nyuma ya mgongo.